Aliyeiba Zana Yangu

Mama yangu na jirani yetu wa Ukonga hawajaongea tangu mie nikiwa shule ya msingi. Ugomvi ulianzia kwenye ukuta. Jirani alijenga, na ukuta wake ukaingia kwenye kiwanja chetu, si sana, lakini uliingia. Baba alikuwa askari magereza, kesi za watu zilishamchosha, akasema yaishe. Mama akasema hayaishi. Mpaka leo wanakutana kanisani, wakifika kwenye kutakiana amani wanagusana vidole tu, kila mmoja anaangalia kwingine. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza kwa nini hasamehi. Akaniambia kusamehe ni kazi ya padri, yeye kazi yake ni kukumbuka.

Nimeanza na hayo ili anayesoma ajue nimenyonya maziwa gani. Wenzangu wengi wanaofanya kazi ya kompyuta wakisimulia kazi zao husema walizifanya kwa mapenzi. Mie zana yangu ya kwanza niliiandika kwa hasira, ya pili nikaiandika kwa kisasi, na hiyo ya pili ndiyo nzuri zaidi.

Nilikuwa nimeajiriwa na kampuni ndogo ya kutengeneza programu, Mwenge, si mbali na soko la vinyago. Programu zetu zilikuwa za zahanati na hospitali: kusajili wagonjwa, kutoa dawa, kupeleka madai ya bima. Mkuu wa ufundi alikuwa kaka mmoja mtu mzima, mtu wa bara kama sie, anayevaa shati la mikono mirefu hata mwezi wa Februari. Mwenye kampuni alikuwa mama tuliyemwita Madam. Na pembeni yangu alikaa dada mmoja wa Kihindi, wa madhehebu ya Shia, ambaye kazi yake ilikuwa kuijaribu programu kabla haijaenda kwa wateja. Muharram ikiingia alivaa nyeusi na hakukubali mwaliko wa popote. Miezi mingine tulikula pamoja kila mchana, yeye na chapati zake, mie na wali wangu, na tuliwasema wakubwa wetu bila huruma.

Kwa asiyeijua kazi yetu, niseme hivi. Programu huandikwa kama maandishi, kwenye mafaili mengi sana. Halafu iko zana inayoyapitia maandishi hayo na kuyaunda yawe kitu ambacho kompyuta inaweza kukiendesha. Ukibadilisha hata neno moja, lazima uunde tena ndipo uone kama ulichofanya ni sawa. Zana tuliyokuwa tukiitumia aliiandika mkuu mwenyewe wakati kampuni inaanza. Ilikuwa na tabia ya mpishi ambaye akiambiwa chumvi imepungua anamwaga sufuria zima na kuanza kuchambua mchele upya. Ukigusa faili moja, inaunda yote. Tulikuwa tukibonyeza, tunashuka kunywa chai, tunapanda, bado. Na umeme ukikatika katikati, kama unavyokatikaga, unaanza mwanzo.

Siku moja, kwenye kikao cha asubuhi, nilimuuliza.

"Kaka, hivi haiwezekani iunde kile kilichobadilika tu? Vingine viko vilevile, kwa nini virudiwe?"

Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyeuliza swali mbele ya wageni.

"Mdogo wangu," akasema, "mambo ya ndani yana wenyewe. Wewe tupendezeshee skrini."

Watu walicheka. Si kicheko kikubwa. Lakini mie kicheko hicho ninacho mpaka leo, naweza kusema nani alicheka na nani aliinamisha kichwa.

Nilikuwa nimepanga vyumba viwili Segerea. Masika yale mvua ilinyesha mpaka barabara ya kwetu ikawa haipitiki, na Jumapili baada ya misa sikuwa na pa kwenda. Nikakaa na laptopu yangu, nikaanza kuandika zana yangu. Sikuwa na nia ya kumsaidia mtu. Nilitaka kumwonyesha.

Hasira ina faida moja, inakufanya usikubali sababu. Kila mahali ambapo zana ya mkuu ilikuwa ikisubiri, niliuliza inasubiri nini, na mara nyingi haikuwa ikisubiri chochote cha maana. Nikagundua kwamba watu hawaipimi zana kwa kazi kubwa inayoifanya. Wanaipima pale ambapo haina kazi. Ukibonyeza na hakuna kilichobadilika, inatakiwa ikujibu kabla hujaondoa kidole: hakuna kilichobadilika, endelea. Ikichelewa hata kidogo hapo, mtu anaamua moyoni kwamba ni nzito, na hataiamini tena. Kwa hiyo nilishughulika zaidi na kufanya isifanye kitu, na kutofanya huko kuwe kwa haraka.

Nilipomaliza nilimwonyesha kwanza yule dada wa pembeni yangu. Aliijaribu alivyozoea kujaribu vitu, kwa nia ya kuviua. Alifuta mafaili katikati ya kazi, akabadilisha majina, akazima mashine ghafla. Akapata hitilafu mbili, nikazirekebisha. Mwisho akasema, "Hii mpelekee sasa. Nataka nimwone uso."

Uso wa mkuu haukuonyesha kitu. Alikaa mezani kwangu, akabonyeza, ikamaliza. Akabadilisha faili moja, akabonyeza tena, ikamaliza. Akainuka, akarekebisha vifungo vya mikono ya shati.

"Niwekee kwenye mashine yangu nikaiangalie kwa utulivu," akasema.

Nikamwekea.

Haikupita muda tukaitwa ukumbini. Madam alikuwepo, na wageni kutoka hospitali moja kubwa waliokuwa wakifikiria kutupa kazi. Mkuu akasimama mbele. Akawaambia wageni kwamba kampuni yetu sasa inaweza kuwarekebishia programu mchana huohuo wanapolalamika, kwa sababu yeye ametengeneza zana mpya ya kuundia. Akaifungua ukutani kila mtu aone. Pale juu ya kila faili, palipokuwa na jina langu, palikuwa na jina lake. Hakubadilisha kingine. Hata neno moja nililokosea herufi, lilikuwa palepale limekosewa.

Rafiki yangu, yule dada wa pembeni, alinifinya chini ya meza mpaka kucha zikaingia. Sikusema kitu. Watu wakisikia habari hii hudhani nilinyamaza kwa upole. Nilikuwa natafuta neno, na kila neno nililolipata lilikuwa tusi.

Baadaye alikuja mezani kwangu, mpole kabisa. "Mdogo wangu, tuandikie maelezo ya namna ya kuitumia. Kiswahili chako kizuri."

Nilikwenda kwa Madam. Nilimwamkia, nikakaa, nikamweleza kila kitu tangu Jumapili ya kwanza. Alinisikiliza bila kunikatisha. Akasema, "Nimekusikia, mwanangu. Hapa sie ni familia, cha mmoja ni cha wote. Niachie nilifuatilie."

Nikaacha alifuatilie. Kilichofuata ni kwamba mkuu alipandishwa cheo, akapewa ofisi yenye mlango. Siku alipohamia humo niliandika barua ya kuacha kazi. Maelezo ya kutumia zana sikuyaandika.

Nilirudi Segerea bila kazi na bila zana. Ya kwanza niliiacha kwao. Sikutaka mtu aje aseme nimeondoka na mali ya kampuni. Nikaanza upya, ukurasa mtupu. Nilikuwa nikipata kazi ndogondogo za kutengenezea watu tovuti, na saa zote zilizobaki nilizimaliza kwenye zana ya pili.

Hapo ndipo nilipojua wizi wake ulikuwa umenipa nini. Zana ya kwanza niliiandika nikiwa sijui mwisho wake. Ya pili niliijua kabla sijaanza. Nilijua nini kilikuwa na maana na nini nilikiweka kwa kutaka kujionyesha, na vile vya kujionyesha nikaviacha nje. Ilitoka ndogo na nyepesi. Ile ya kwanza ilikuwa na haraka, hii ilikuwa kama haipo. Nikaiweka kwenye mtandao, aitakaye aichukue bure, kwa jina la herufi mbili tu lisiloonyesha kama mie ni mwanamke au mwanamume, wa Dar au wa wapi.

Watu wakaichukua. Kwanza wachache, kisha wengi, wengine nchi ambazo sijawahi kukanyaga. Na hapo nikaelewa maneno ya wazee kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Kila asubuhi nilikuta maombi. Huyu anataka zana imwandikie ripoti. Huyu anataka ipake rangi maandishi. Huyu anataka impigie kengele ikimaliza. Hakuna ombi lililokuwa baya. Kila moja ukilitazama peke yake ni kitu kidogo, halina uzito. Lakini uzito haujagi kwa mara moja. Ukikubali yote, siku moja unabonyeza, unashuka kunywa chai, unapanda, bado.

Nikajifunza kusema hapana. Naandika hapana kwa adabu, natoa sababu, nafunga. Wengine walinitukana. Mmoja aliandika kwamba nina roho mbaya. Sikumbishia.

Habari za Mwenge nilikuwa nikizipata kwa rafiki yangu. Jumamosi tulikutana palepale Mwenge, tunakunywa juisi ya miwa, ananipa taarifa.

"Mkuu ameongeza kitu kingine tena," akasema siku moja. "Sasa kila ikiunda inatuma barua pepe kwa Madam."

"Kwa nini kwa Madam?"

"Madam aliomba. Mkuu akakubali. Yeye anakubali kila kitu."

Nilimwelewa kuliko alivyojielewa. Mtu asiyejua kitu kiliundwaje hana sababu ya kukataa. Yeye alichukua zana, lakini sababu zake zilibaki kichwani kwangu, kwa hiyo kila aliyemwomba alimwekea. Mwizi wa ng'ombe lazima amchunge, na huyu wangu hakujua ng'ombe anakula nini. Zana yangu ya kwanza ilinenepa mikononi mwake, ikaanza kukohoa, ikawa nzito kuliko ile aliyoiandika zamani. Rafiki yangu aliponiambia kwamba watu wameanza tena kushuka kunywa chai, nilikwenda nikaongeza glasi ya pili ya juisi. Sikuona aibu. Nilifurahi kama nimepata mtoto.

Halafu Jumamosi moja alikuja akiwa anacheka kabla hajakaa.

"Wameitupa," akasema. "Vijana wawili walioajiriwa juzijuzi wamemwambia mkuu iko zana mtandaoni watu wote wanaitumia. Jana wameanza kuiweka."

"Zana gani?"

Akanitajia zile herufi zangu mbili.

"Yeye anajua?"

"Nani amwambie? Mie?"

Sikulazimika kungoja sana. Barua yake ya kwanza ilikuja na jina lake kamili na cheo chake, kwa Kiingereza cha ofisini, ikianza kwa kuniita Bwana Mheshimiwa. Aliisifu kazi yangu. Akasema kwenye taaluma yetu ni nadra kuona mtu aliyefikiri kwa kina namna hii. Akaomba niongeze jambo moja ambalo kampuni yake inalihitaji mno. Nilisoma barua ile mara nyingi kuliko nilivyosoma barua yoyote ya mapenzi.

Jambo lenyewe lilikuwa baya, lingeifanya zana iwe nzito kwa kila anayeitumia. Ningelikataa hata angeliomba mama yangu. Nataka hilo lieleweke, maana kisasi kizuri ni kile ambacho huna haja ya kudanganya ndani yake. Nikamjibu kwa Kiingereza: hapana, na sababu hizi hapa. Akaandika tena, kwa urefu zaidi, kwa unyenyekevu zaidi. Hapana. Akaandika mara nyingine, akisema kazi ya hospitali kubwa imekwama, Bwana Mheshimiwa afikirie wagonjwa.

Safari hii nilijibu kwa Kiswahili. Niliandika: "Shikamoo kaka. Ombi lako nimelisoma. Mambo ya ndani yana wenyewe. Wewe wapendezeshee skrini."

Hakujibu. Aliyenipigia simu, baada ya siku chache, ni Madam.

"Mwanangu," akasema, "umetupotea sana."

"Nipo, Madam. Shikamoo."

"Marahaba. Tuna shida kidogo huku. Njoo tuongee, nitakulipa vizuri."

Nikamwambia sitaki malipo. Nitakuja siku moja, nitawarekebishia, na nina sharti. Nataka ukumbi uleule, na wote waliokuwepo siku ile na bado wapo kwenye kampuni, na mkuu aseme mbele yao nani aliandika zana ya kwanza. Kisha akasema, "Sawa. Njoo Jumatatu."

Nilivaa kitenge nilichoshonea harusi ya mdogo wangu. Ukumbi ulikuwa umejaa, wageni tu wa hospitali ndio hawakuwepo. Mkuu alisimama palepale aliposimama siku ile. Alikuwa amepungua mwili. Akasema haraka, akiangalia meza, "Ile zana ya kwanza, kwa kweli, aliiandika dada huyu."

"Samahani, kaka," nikasema. "Sikusikia vizuri."

Akarudia. Safari hii aliinua kichwa, na sauti ilifika mpaka mlangoni. Rafiki yangu alikuwa amekaa upande wa dirisha, ameshika kidevu, hapepesi macho.

Kisha nikaunganisha laptopu yangu ukutani na kufungua kazi yao. Kama nilivyotarajia, zana yangu haikuwa na tatizo. Alichofanya ni kuizungushia vitu vyake, vilevile alivyoizungushia ya kwanza. Ilikuwa kama mkimbiaji aliyevishwa makoti. Nikafungua faili la kwanza lenye jina lake.

"Hii inafanya nini, kaka?"

"Inatuma barua pepe kila tukiunda."

"Nani anazisoma?"

Watu wakamtazama Madam. Madam akasema amezizima siku nyingi, zilikuwa zinamjazia simu. Nikalifuta faili.

"Na hii?"

"Inahesabu mafaili."

"Ili iweje?"

Nikalifuta. Nikaendelea hivyo, faili moja baada ya jingine, kila moja nasoma jina lake lililo juu, nauliza kazi yake, nauliza anayeitumia, nafuta. Ningeweza kufuta yote kwa pigo moja na kwenda nyumbani. Sikutaka. Mwanzoni vijana walikuwa wakitabasamu, baadaye waliacha. Shati lake lilikuwa limelowa mgongoni. Alifika mahali akawa anasema mwenyewe kabla sijauliza, "Hilo futa tu," na mie nikawa nauliza hivyohivyo.

Mwisho ilibaki zana yangu peke yake. Nikabonyeza, ikamaliza. Hakuna aliyepiga makofi. Nikakunja waya wangu.

Madam alinisindikiza mpaka kwenye ngazi. Alikuwa na furaha, kazi ya hospitali ilikuwa imepona. Akanishika mkono.

"Umetusaidia sana, mwanangu. Na lile la kwake lisikuumize tena. Mie nililijua siku nyingi."

"Ulilijua baada ya mie kuja kukueleza."

"Hata kabla," akasema. "Siku ile ukumbini, nilipoona zana inavyokwenda, nilijua si ya kwake. Yule si mtu wa vitu vya haraka. Lakini yeye angebaki, wewe ungeondoka siku moja, vijana mnaondoka. Nikaona nishike anayebaki."

Alisema kwa upole, kama anayenipa siri ya biashara. Nilishuka ngazi. Miaka yote ile nilimchukia mtu mmoja kwa nguvu zangu zote, nikaamka na chuki hiyo asubuhi na kulala nayo usiku, kumbe nusu ya chuki ile ilikuwa na mwenyewe mwingine, aliyekuwa akiniita mwanangu. Nilipofika barabarani furaha ya ukumbini ilikuwa imeniisha mdomoni. Nilisimama pale kwenye kelele za Mwenge, nikatafuta kama ninaweza kusema yaishe. Nikaona hayaishi.

Wakati huo nilishaanza kupata kazi kubwa kwa ajili ya ile zana, makampuni yaliyotaka nije niwafundishe au niwarekebishie mambo yao. Nikapanga chumba Kinondoni, juu ya duka la vifaa vya umeme, nikaweka meza. Mtu wa kwanza niliyemwita alikuwa rafiki yangu. Aliomba wiki moja afikirie na kuongea na mumewe, akaja kabla wiki haijaisha. Bila yeye, programu za Madam zikaanza kufika kwa wateja na hitilafu ambazo zamani zingefia mezani kwake. Nikawaita wale vijana wawili waliokuwa wameileta zana yangu pale. Nao wakaja. Hakuna niliyemwambia neno baya kuhusu walikotoka. Sikuwa na haja.

Mkuu alihamia kampuni nyingine, sijui kwa kupenda au kwa kuambiwa. Bado anaitumia zana yangu na bado huandika maombi, siku hizi kwa Kiswahili, ananiita dada. Moja lilikuwa zuri kweli, nililikubali, nikaweka jina lake kwenye orodha ya waliochangia, mahali pake, na herufi sahihi. Mengine nayaacha yakae kwanza. Wengine wote nawajibu kabla yake.

Madam alinipigia mara moja tu tangu hapo. Nilikuwa dukani chini nanunua soketi.

"Umenichukulia watu," akasema. Hakukuwa na mwanangu safari hii.

"Niliwauliza tu, Madam. Wakaja."

"Nilikulea pale."

"Ulinilea, Madam. Shikamoo."

Hakuitikia. Nilisubiri, maana adabu ni kusubiri mkubwa aitikie, mpaka simu ikakatika yenyewe. Nikalipia soketi, nikapanda juu. Rafiki yangu alikuwa amekasirika: mteja mmoja ameomba tuongeze kitu kidogo, hakina uzito, na alikuwa ameshaanza kumwandikia kwa nini hapana.